Hati ya kukamatwa haifi yenyewe: niliyopitia nikiwa mdhamini wa mdogo wangu Mtwara

Naandika haya kwa kuwa msimu wa korosho unakaribia. Ndipo vijana wetu waliotawanyika Liwale, Nachingwea na Tunduru wanaporudi Mtwara na hela mfukoni, na baadhi yao waliondoka wakiacha faini ya mahakama haijamalizwa. Wapo wasiojua kwamba hakimu ameshasaini hati ya kuwakamata. Wapo wanaojua, lakini wanaamini miezi ikipita mambo yamekwisha. Mdogo wangu alikuwa kati ya wale wa kwanza, na mdhamini wake nilikuwa mimi.

Kesi ilianza na pikipiki. Alikuwa anaendesha bodaboda ya mtu, anapeleka hesabu kila jioni. Siku hiyo alitoka Mikindani kapakia mshikaki, abiria wawili, leseni hana na bima imekwisha muda. Trafiki alimsimamisha akataka kumwandikia. Tangu Julai 2021 faini ya kuandikiwa barabarani kwa bodaboda na bajaji ni shilingi 10,000 kwa kosa. Kabla ya hapo ilikuwa 30,000, sawasawa na magari. Makosa matatu yangekuwa 30,000, na mtu unapata nafasi ya kwenda kuitafuta hela ukalipa kwa simu. Yeye akabisha, akatoa maneno makali, akakataa kuandikiwa. Ukishalikataa kosa barabarani, kinachobaki ni mahakama, na mahakamani viwango si vile vya barabarani.

Alisomewa mashtaka, akakiri yote. Adhabu ikatoka: faini jumla shilingi 280,000, au jela miezi mitatu. Sisi tulikuwa na 140,000, tuliyoichanga usiku wa kuamkia siku hiyo. Nilimwona askari anamsogelea mdogo wangu, nikajua tukikaa kimya, jioni ile analala gereza la Lilungu.

Aliyetuokoa ni mjomba. Kwetu Wamakonde mjomba ndiye mwenye sauti juu ya watoto wa dada yake, na jambo kama hilo halimkuti ameketi nyumbani. Alisimama pale nyuma, kofia mkononi, akasema, “Mheshimiwa, mimi ni mjomba wa huyu kijana. Nusu tunayo hapa. Tunaomba muda wa kuileta nusu nyingine.” Hakimu alimtazama, akauliza maswali mawili matatu kuhusu kazi ya kijana na nani atamdhamini, kisha akakubali. Nusu ilipwe siku ile ile, nusu ndani ya siku thelathini, kifungo kisimame hadi hapo.

Hilo la kuomba muda watu wengi wa mitaani kwetu hawalijui. Wanadhani hakimu akishatamka faini ni ulipe papo hapo au upakiwe kwenye karandinga. Sheria inampa hakimu uwezo wa kutoa muda kwa aliyehukumiwa faini, akasaini ahadi ya kulipa, na mara nyingi akatakiwa kuwa na mdhamini. Lakini hakimu hana namna ya kujua kwamba una nusu mfukoni na ng'ombe au gunia la korosho la kuuza wiki ijayo. Ni lazima ndugu mmoja aseme, kwa adabu na kwa kifupi, aeleze hela itatoka wapi na lini. Mwende na mtu mzima anayejua kuongea, msimwachie kijana peke yake kizimbani.

Udhamini nikauchukua mimi. Nilipeleka barua ya utambulisho ya mtendaji wa mtaa na kitambulisho cha taifa, nikasaini. Karani, mama mmoja mtaratibu, aliniambia, “Mama, soma kwanza.” Nikasoma. Ilisema kwamba kijana asipolipa kwa tarehe ile, mimi nitaitwa kueleza kwa nini nisidaiwe kiasi kilichoandikwa. Sheria iliyopitishwa mwaka 2021 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, kwa hiyo ukiletewa karatasi usiyoielewa, omba ielezwe upya kabla ya kushika kalamu. Hakuna atakayekucheka, na akicheka, wewe endelea kuuliza.

Kulipa ile nusu ya kwanza kulikuwa rahisi. Karani alitoa kontrol namba, nikalipa kwa simu pale pale uwanjani, nikaenda kibanda cha steshenari wakanichapia risiti. Nakala moja nikampa karani, nyingine nikaikunja nikaiweka nyumbani kwenye kopo la bati ninamowekea kadi za kliniki za watoto. Kumbukeni hilo kopo.

Mwenye pikipiki aliposikia habari za mahakama alichukua chombo chake. Mdogo wangu akabaki hana kazi, na tarehe inakimbia. Ulikuwa wakati wa kupulizia mikorosho, akaitwa na wenzake Liwale kupulizia salfa, dawa ya mikorosho, kwa malipo ya ekari. Aliniaga, akaniambia, “Dada, hela ya kwanza ninayopata naituma.” Sikuwa na sababu ya kutomwamini. Aliondoka na ile kontrol namba ya nusu ya pili imeandikwa kwenye karatasi ya daftari.

Kilichotokea kule nilikuja kukijua baadaye kabisa. Alipata hela, ila tajiri wa shamba alichelewa kumlipa, na siku aliyoipata tarehe ilikuwa imeshapita. Akajaribu kulipa kwa simu, ikamjibu kwamba namba si sahihi. Akajaribu tena, jibu lile lile. Wenzake shambani wakamwambia hiyo ni dalili njema: kama namba haipokei, basi deni limefutwa kwenye mfumo. Akafurahi, hela akaitumia kununua simu na nguo za watoto.

Ndugu zangu, kontrol namba ina mwisho wake wa matumizi. Ikipita tarehe inakataa kupokea, lakini faini iko pale pale kwenye jalada. Unachotakiwa ni kurudi kwa karani, au kumtuma ndugu, akatengenezewe namba mpya. Nimelisikia kosa hili kwa watu wengine pia, siyo vijana tu, hata watu wazima wenye biashara zao. Wanakaa na moyo mweupe kumbe hati iko mezani kwa askari.

Wito ulinikuta kwenye genge langu. Nauza samaki wa kukaanga na mihogo karibu na kivuko cha Msangamkuu, na asubuhi watu wanaovuka huwa wengi. Mgambo wa kata alikuja na karatasi, akaita jina langu kwa sauti. Wateja wakanyamaza. Mikono ilikuwa na mafuta, nikashindwa hata kuipokea ile karatasi. Binti anayenisaidia ndiye aliyeipokea. Aibu ile sikuitegemea. Mtu hujui ataanza kumweleza nani, kwa sababu kila mmoja ameshaamua kichwani mwake umefanya nini.

Siku ya wito nilikwenda. Hakimu aliniuliza aliko niliyemdhamini, nikasema ukweli: yuko Liwale anapulizia, simu yake inapatikana usiku tu akipanda kilimani. Niliomba muda wa kumleta. Akanipa, akanieleza kwa upole lakini kwa uwazi kwamba muda huo ukiisha, deni la dhamana litakuwa langu. Akaongeza kwamba hati ya kumkamata mdogo wangu ilikuwa imeshatolewa.

Nilibaki nje na yule karani, nikamuuliza maswali ambayo nilikuwa naogopa kuyauliza ndani. Aliyonijibu ndiyo ninayotaka kila mdhamini ayajue. Hati ya kukamata haina tarehe ya kufa. Inabaki na nguvu hadi itekelezwe au hadi mahakama iliyoitoa iifute. Haijali kama umehamia Masasi au umevuka kwenda Songea. Inaweza kutekelezwa popote Tanzania Bara. Polisi hawawezi kuifuta, mtendaji hawezi, na hela yako peke yake haiifuti. Kuhusu mimi, aliniambia mdhamini akiona mambo yanamshinda, anaweza kuiomba mahakama imwondoe kwenye dhamana kabla hajadaiwa. Mahakama itaamuru mhusika aletwe, na yeye ndiye atakayetafuta mdhamini mwingine. Sikulitumia hilo, kwa sababu ni mdogo wangu wa tumbo moja. Lakini kama umemdhamini mtu baki na ameanza kukukwepa, una haki ya kwenda kusema hivyo mapema.

Nyumbani kila mtu alikuwa na ushauri wake. Jirani mmoja alisema abadilishe laini ya simu. Mwingine alisema majalada huwa yanapotea, tusubiri. Kaka yetu wa baba mdogo akasema apitilize Msumbiji kwa muda. Mjomba aliwasikiliza wote, kisha akasema aletwe. Tukakubaliana aje mara tu kazi ikiisha, twende wote mahakamani kwa miguu yetu.

Mama ndiye aliyekuwa hapati usingizi. Alimzaa yule mtoto uzeeni na hakuweza kuvumilia kumfikiria ndani ya gereza. Siku moja alikwenda mwenyewe hadi nje ya mahakama, akakutana chini ya mwembe na kijana mmoja mwenye bahasha nyingi, aliyejitambulisha kwamba anajuana na watu wa ndani. Akamwambia, “Mama, faili la mwanao tutalilaza.” Elfu hamsini. Mama aliitoa kwenye akiba yake ya mazishi, na hakutuambia. Alitaka atufurahishe siku atakapoambiwa limekwisha. Tulijua pale tu aliposhangaa kwa nini bado tunahangaika.

Sikumgombeza. Ila nasema kwa uchungu: vishoka, matapeli wa aina hii, wanaishi kwa machozi ya mama zetu. Hakuna mtu wa chini ya mwembe anayeweza kulaza hati. Hela ya faini inapita kwenye kontrol namba iliyotolewa na mahakama, na inatoka risiti ya serikali; mkono wa mtu haumo humo kabisa. Ukiombwa chochote cha pembeni, piga TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, kwa namba 113, haikati salio. Waambieni wazee nyumbani mapema kinachoendelea, hata kama mnadhani mnawaficha ili wasiumie. Mama angejua tulichopanga, asingekwenda peke yake.

Mdogo wangu alirudi msimu wa korosho ulipofunguliwa, minada imeanza. Alifika Alhamisi usiku. Hela ya kumalizia faini alikuwa nayo, noti zimefungwa kwenye mfuko wa plastiki kiunoni. Tulikubaliana apumzike, Jumatatu twende. Ijumaa jioni alikwenda kijiweni kuwasalimia bodaboda wenzake, na hapo ndipo askari wawili walipomkuta.

Niseme haki yao: walifanya kazi yao vizuri. Walimwambia jina lake lilivyo kwenye hati, wakamweleza inahusu nini, na alipoomba kuiona wakamwonyesha. Hivyo ndivyo inavyotakiwa, na wewe ukikamatwa una haki ya kuelezwa na kuonyeshwa. Usivute mkono, usikimbie, usirushe maneno; ukianza kupambana pale unaongeza kosa jipya juu ya faini ya zamani. Iangalie pia hati kama hakimu ameandika juu yake kwamba ukipata wadhamini uachiwe hadi siku ya kufika mahakamani. Zipo zinazoandikwa hivyo. Ya kwetu haikuwa nayo.

Niliarifiwa na bodaboda mmoja aliyekuja mbio. Nilifika kituoni nimevaa kanga mbili na ndala, hela ya kulipa iko kwenye ule mfuko ambao mdogo wangu alikuwa amemwachia mwenzake. Nikamwambia afande wa kaunta, “Hela yote hii hapa, tupokee tuondoke.” Akanijibu kwa utulivu kwamba yeye hana mamlaka ya kupokea faini ya mahakama wala kuifuta hati, mahakama inafunguliwa Jumatatu. Nikamtazama mdogo wangu anavua mkanda na viatu, anaandikishwa simu yake kwenye kitabu. Hela ipo, deni linajulikana, na bado analala ndani Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Nilitoka nje nikalia kwenye ngazi.

Ndiyo maana nawaambia watu, ukishajua kuna hati, usisubiri siku iliyo nzuri kwako. Nenda mwenyewe, asubuhi, siku ya kazi. Anayekwenda mwenyewe anasikilizwa tofauti na anayeletwa na pingu, na mara nyingi shughuli inaisha siku ile ile. Anayekamatwa Ijumaa jioni analipa siku za mahabusu ambazo hakuna risiti itakayozirudisha. Kama umerudi safari Alhamisi usiku, Ijumaa asubuhi ndiyo siku yako.

Zile siku nilipeleka chakula. Peleka chakula kikavu kisichomwagika, onja mbele ya askari kama wanavyotaka, usifiche kitu ndani. Uliza jina la mkuu wa zamu. Hakikisha anapelekwa mahakamani siku ya kwanza ya kazi, maana mtu aliyekamatwa kwa hati anatakiwa afikishwe mbele ya mahakama bila kucheleweshwa. Mjomba alikwenda na mimi kila mara; alikuwa hasemi mengi, ila askari walimwamkia, na nadhani kuonekana kwamba kijana ana watu wake kulisaidia.

Jumatatu tulifika kabla geti halijafunguliwa. Kesi ikaitwa. Mwendesha mashtaka alieleza kwamba mhukumiwa hakulipa faini kwa muda aliopewa, akaomba aanze kutumikia kifungo. Hakimu akaangalia jalada. Alikuwa mwingine, yule wa kwanza alikuwa amehamishwa. Na humo ndani ya jalada ile risiti ya nusu ya kwanza haikuwemo. Kwa karatasi zilizokuwa mbele yake, mdogo wangu alikuwa anadaiwa 280,000 yote.

Nilinyoosha mkono, nikaruhusiwa. Nikasogea na lile kopo la bati, kwa sababu nilikuwa nimelibeba zima. Risiti ilikuwa imefifia wino kidogo pembeni, lakini namba ilisomeka, na karani akaihakiki kwenye mfumo. Ikaonekana. Hakimu akaandika. Kutoka pale deni likawa 140,000. Kama ningeitupa ile karatasi, au ningemwachia mdogo wangu akaenda nayo Liwale, sijui tungetoa wapi kiasi kingine kama kile siku ile. Risiti za mashine huwa zinafifia. Piga picha siku unayoipata, toa nakala, mpe na ndugu mwingine akutunzie. Muda wa kuitafuta si ule ambao hakimu anakusubiri.

Mdogo wangu aliulizwa kwa nini hakulipa. Alieleza habari ya namba kukataa, bila kupamba. Nafikiri ule ukweli wa kawaida ulimsaidia kuliko hadithi yoyote ya msiba. Hakimu alimwonya kwa maneno mazito, akasema alipe salio siku hiyo hiyo kabla mahakama haijafungwa, la sivyo Lilungu.

Namba mpya ilitolewa. Mtandao wa malipo ukawa chini. Hiyo saa ya kukaa kwenye benchi, simu mkononi, unabonyeza na haiendi, mdogo wako yuko nyuma ya nondo anakuangalia, siwezi kuieleza vizuri. Mjomba aliondoka kwa miguu hadi kwa wakala wa benki, akalipia huko, akarudi na karatasi. Msitegemee njia moja tu. Mwe na hela taslimu na salio la simu vyote viwili, maana siku hiyo huchagui.

Baada ya kulipa nilitaka tuondoke tukale. Karani yule yule aliyeniambia nisome kwanza akanizuia. “Mama, umelipa faini. Hati je?” Akanieleza kwamba ni lazima jalada lirudi kwa hakimu, iandikwe amri kwamba faini imelipwa yote na hati imefutwa, na kwamba mimi nimeondolewa kwenye dhamana. Tulisubiri tena. Amri ilipotoka niliomba nakala zilizogongwa muhuri. Moja nikaipeleka mwenyewe kituo kilichomkamata, nikaomba waandike kwamba wameipokea. Nyingine akabaki nayo mdogo wangu, imewekwa laminesheni na kukaa pamoja na kitambulisho chake, na moja ikaingia kwenye kopo.

Nakala hiyo ilifanya kazi yake mapema kuliko nilivyodhani. Wiki chache baadaye, akiwa Nanyamba kwenye shughuli ya mzigo, askari wa kituo kingine walimsimamisha wakiwa na jina lake. Hati huwa inaweza kupelekwa zaidi ya kituo kimoja, na taarifa ya kufutwa haikuwa imefika huko. Alitoa nakala ya amri. Afande aliisoma, akapiga simu moja, akapiga picha ile karatasi, akamwachia akaendelea na safari. Bila ile karatasi angelala ndani tena kwa faini aliyokwisha kuilipa, na sisi tungeanza upya kuhangaika. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema “nimeshalipa, sidaiwi”, muulize kama ana amri ya kuifuta hati. Kama hana, bado hajamaliza.

Gharama nazitaja wazi ili watu wapime. Makosa ya 30,000 barabarani yaligeuka faini ya 280,000 mahakamani. Elfu hamsini ya mama ilikwenda na yule kijana wa bahasha, haikurudi. Juu ya hapo weka nauli, chakula cha mahabusu, nakala na mihuri ya steshenari, na asubuhi ambazo genge langu lilifungwa, samaki wakaharibika mara moja nikawamwaga. Mdogo wangu alikosa kazi ya kubeba korosho ghalani kwa kuwa alikuwa ndani siku walipoandikisha majina.

Najua wapo watakaosema: sisi hata hiyo nusu hatuna. Nendeni hivyo hivyo. Mtu asiye na hela anayejitokeza ana mambo ya kuomba, anayejificha hana. Anaweza kuomba muda au awamu. Kwa kifungo kisichozidi miaka mitatu, ipo sheria ya huduma kwa jamii ya mwaka 2002, ambapo badala ya kwenda gerezani mtu anafanya kazi za umma bila malipo chini ya usimamizi. Muulizeni afisa wa huduma za uangalizi kama ndugu yenu anafaa. Na hata aliyekwisha kupelekwa gerezani kwa kushindwa faini, ndugu wakiilipa yote anatoka, na wakilipa sehemu, siku zake zinapunguzwa kwa kadiri ya kilicholipwa. Kwa hiyo msikate tamaa kuchanga eti kwa kuwa ameshaingia.

Kwa wasioweza wakili, sheria ya msaada wa kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na halmashauri zina msajili msaidizi wa watoa huduma hiyo. Kwa kawaida yuko kwenye ofisi ya maendeleo ya jamii. Huduma yao ni bure. Tulimpata mmoja baadaye, akatusaidia kuandika barua ya kuomba nakala ya jalada. Ningependa tungempata tangu mwanzo.

Kama una ndugu aliye mbali na huna uhakika kama ana hati, usiulize kijiweni. Nenda masijala ya mahakama iliyomhukumu, na namba ya shauri kama unayo. Kama huna, toa jina lake kamili kama lilivyoandikwa kwenye hati ya mashtaka, na mwezi aliohukumiwa. Uliza mambo matatu: faini iliyobaki ni kiasi gani, kuna hati iliyotolewa au hapana, na risiti ulizonazo zimo ndani ya jalada au hazimo.